Je, Wajua Riwaya za Kuliza Zilivyoingia Kwenye Vita Dhidi ya Utumwa Marekani?

Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kali: hata katika majimbo yasiyo na utumwa, aliyemficha mtumwa mtoro aliweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000 na kufungwa miezi sita. Wanawake hawakuwa na kura, sembuse kiti bungeni. Walichokuwa nacho ni soko la riwaya. Hadithi za yatima, za mama aliyefiwa, za binti mcha Mungu anayekata roho taratibu huku nyumba nzima ikilia, ziliandikwa na wanawake, zikanunuliwa na wanawake. Mwaka 1855 mwandishi wa riwaya Nathaniel Hawthorne alimlalamikia mchapishaji wake kwa barua kwamba kundi hilo la wanawake limemharibia soko. Ni wivu tu, kwa maoni yangu.

Mmoja wao alikuwa Harriet Beecher Stowe. Aliishi miaka mingi Cincinnati, ambako ukivuka mto Ohio tu unaingia Kentucky, jimbo la watumwa. Mwaka 1849 kipindupindu kilimchukua mwanawe mchanga, Charley. Baadaye aliandika kwamba kaburi la mtoto huyo ndilo lililomfundisha anachohisi mama mtumwa anaponyang'anywa mwanawe. Riwaya yake, Uncle Tom's Cabin, ilianza kutoka gazetini kwa mfululizo mwaka 1851.

Humo mna sura inayoonyesha mbinu yote ilivyofanya kazi. Seneta Bird amerudi nyumbani kutoka kuunga mkono sheria ya aina hiyohiyo, ya kuwaadhibu wanaowasaidia watumwa watoro. Mkewe, mpole asiyependa ugomvi, anambana: kweli utamfukuza mlangoni mtu mwenye njaa na baridi? Seneta anajitetea kwa hoja za masilahi ya umma. Kabla hawajamalizana, jikoni anaanguka Eliza, mtumwa mtoro aliyevuka mto kwa kurukaruka juu ya mapande ya barafu, mwanawe kifuani. Anamuuliza mama mwenye nyumba swali moja: umewahi kufiwa na mtoto? Bird na mkewe walimzika mtoto wao mwezi mmoja tu uliopita. Mkewe anafungua droo yenye nguo za marehemu, anazifunga kifurushi ampe mtoto wa Eliza. Usiku huohuo seneta mwenyewe anawapakia garini na kuwatorosha.

Hapo sheria imetolewa ukumbini mwa bunge ikaletwa jikoni, na msomaji aliyewahi kuzika mtoto (nao walikuwa wengi mno zama hizo) hakuhitaji kufundishwa katiba. Kitabu kilipotoka Machi 1852, nakala kama 300,000 ziliuzwa Marekani mwaka wa kwanza. Huko Uingereza, wanawake zaidi ya 500,000 walitia saini waraka wa kuwasihi dada zao wa Marekani waupinge utumwa. Stowe alikabidhiwa saini hizo mwaka 1853, zikiwa zimejalidiwa katika mabuku 26.

Lakini machozi yana mwenyewe. Wakati Stowe akitafuta ushahidi wa kuitetea riwaya yake, Harriet Jacobs, aliyezaliwa mtumwa North Carolina, alitaka msaada wa kusimulia maisha yake. Stowe akapendekeza kisa hicho akitie kwenye kitabu chake mwenyewe. Jacobs alikasirika, akashika kalamu. Kitabu chake, kilichotoka 1861 kwa jina la kubuni, kinaeleza alivyojificha karibu miaka saba katika upenyo wa darini kwa bibi yake, mahali asipoweza kusimama wima, akiwachungulia watoto wake kupitia tundu alilotoboa ukutani. Aliijua vizuri mitindo ya riwaya za kuliza na akaitumia kuwaamsha wanawake wa Kaskazini, lakini mwishoni akaikataa waziwazi: anamwambia msomaji kwamba hadithi hii haimalizikii kwenye ndoa kama ilivyozoeleka, bali kwenye uhuru. Kwa miongo mingi wasomi walidhani ni riwaya ya kutunga, hadi utafiti wa miaka ya 1980 ulipothibitisha kuwa ni maisha yake.