Kilicho mtegoni si feromoni

Kila msimu wa maembe, kuanzia Malindi mjini hadi Magarini, maneno ni yaleyale kwenye maduka ya dawa za kilimo: "Chukua hii feromoni, ni harufu ya nzi jike, madume wote watakuja wenyewe." Mkulima analipa, anatundika mtego kwenye mwembe wake wa ngowe, na siku chache baadaye mtego umejaa. Kisha anapasua embe na kukuta funza kama kawaida, na lawama zote zinamwangukia aliyemuuzia. Mara nyingi bidhaa yenyewe haina kasoro. Kasoro iko kwenye maelezo.

Feromoni ni kemikali anayoitoa mdudu au mnyama mwilini mwake ili kumpa ishara mwenzake wa aina hiyohiyo. Jina hilo lilipendekezwa na wanasayansi Karlson na Lüscher mwaka 1959, na mwaka huohuo mwanakemia Butenandt akatangaza ya kwanza kutambuliwa, ile anayoitoa jike wa nondo wa hariri kumwita dume. Nadhani hapo ndipo wengi tulipopata picha kwamba jike ndiye mwenye harufu na dume ndiye anayefuata. Kwa nondo wengi ni kweli. Kwa nzi wa maembe, sivyo.

Nzi ninayemsema ni Bactrocera dorsalis, aliyetoka Asia na kuonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Kinachowekwa kwenye mtego wake ni methili-eugenoli, na hiyo hutengenezwa na mimea. Imo katika baadhi ya aina za mrehani, na ni ndugu wa karibu wa eugenoli inayoipa karafuu harufu yake. Howlett, aliyekuwa akichunguza wadudu India, aliandika mwaka 1912 jinsi mafuta ya sitronela, nyasi iliyo ndugu wa mchaichai, yalivyovuta nzi wa jamii hii, na kufikia 1915 alikuwa ameitambua methili-eugenoli. Neno feromoni lilikuwa bado halijazaliwa.

Sasa angalia dume anavyoitumia. Akiifikia, huilamba. Ndani ya mwili wake huibadilisha kuwa kemikali nyingine, akaziweka kwenye tezi iliyo karibu na mkundu, na magharibi inapoingia huzitoa hewani kuwaita majike. Hiyo ndiyo feromoni ya nzi huyu: anayeitoa ni dume, anayeitikia ni jike. Kumbe kilicho mtegoni ni malighafi tu, na ile "harufu ya jike" inayotajwa dukani haimo kabisa.

Kwa nini basi dume avutiwe nayo hivyo? Jibu liko kwenye jeni zake. Papasi za nzi, yaani vile vipembe viwili vya kichwani, zina vinyweleo vyenye matundu madogo mno, na ndani yake mna seli za neva zenye protini zinazoitwa vipokezi vya harufu. Kila kipokezi kina jeni yake, na nzi mmoja ana makumi ya jeni za namna hiyo. Vipokezi hivyo havifanyi kazi peke yake, bali hushirikiana na protini nyingine iitwayo Orco. Mwaka 2018 watafiti wa China walipunguza utendaji wa jeni ya kipokezi OR88a kwa madume, nao hawakuvutiwa tena na methili-eugenoli kwa kiasi kilekile. Kuonja ni jambo jingine, lenye jamii yake ya jeni. Harufu humleta nzi kutoka mbali, ladha huamua akishagusa, na vionjeo vyake vingine viko miguuni. Jike akitembea juu ya ganda la embe, tayari anaonja.

Mwaga ulichonasa kwenye sinia nyeupe, uwatazame nzi nyuma. Jike ana ncha kali mwishoni mwa tumbo, ndiyo anayotobolea embe kutaga mayai. Dume ni butu. Utageuza nzi mmoja mmoja na ncha hizo hutaziona, au utaziona chache mno. Waliotoboa maembe yako hawakuwahi kuingia mtegoni.

Hapa ndipo jina lisilo sahihi linapomgharimu mtu. Dume mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo wachache wakibaki mayai yatatagwa tu. Njia hii ya kuwamaliza madume iliwahi kumwangamiza nzi huyu kwenye kisiwa cha Rota, katika Pasifiki, miaka ya 1960, lakini kule kisiwa kizima kiliwekewa kivutio pamoja na sumu, na bahari ilikizunguka. Shamba la ekari mbili lililopakana na miembe ya jirani haliko hivyo. Mtego mmoja utakuonyesha kwamba nzi wameshafika, na hilo lina thamani yake, ila usiutegemee kuokoa mavuno peke yake.

Jike naye ana haja yake: anahitaji protini ili mayai yakomae. Ndiyo maana kuna chambo cha protini chenye sumu, cha kupulizwa kidogo kwenye majani, mbali na matunda. Kitumie pamoja na mtego wa madume, na maembe yaliyoanguka uyaokote uyafukie kwenye shimo refu kabla funza hawajaingia udongoni. Na nimeshasikia hata hicho chambo kikiitwa feromoni ya majike. Tafadhali, hicho ni chakula.