Sparagmo: Orpheus aliraruliwa, hakuliwa

Nimesikia tena mtu akieleza kwamba Orpheus, mpiga kinubi wa hadithi za Wagiriki wa kale, alikufa kwa sparagmo, "yaani wanawake walimla." Hapana. Sparagmo ni kukirarua kiumbe hai vipande vipande kwa mikono mitupu, na maana yake inaishia hapo.

Neno hili, kwa Kigiriki sparagmos, linatokana na kitenzi sparassein, kurarua. Kiishio -mos hugeuza kitendo kuwa jina, kama sisi tunavyopata mchomo kutoka choma na mkato kutoka kata. Kwa Kiswahili, basi, ni mraruo. Kula kuna neno lake, omofagia: omos ni mbichi, phagein ni kula. Katika ibada za Dionysus, mungu wa mvinyo, mraruo wa mnyama husimuliwa pamoja na kula nyama yake mbichi, na nadhani hapo ndipo watu wanapoyakoroga maneno haya mawili. Kwa Orpheus kosa hili linaumiza, maana linafuta sehemu nzuri kuliko zote ya kisa chake.

Msome Ovid, mshairi wa Kirumi, kitabu cha 11 cha utenzi wake Metamorphoses. Mawe waliyomrushia wanawake wa Thrace, nchi ya kaskazini mwa Ugiriki, yalilainishwa na muziki, yakaanguka miguuni pake. Ni mpaka ngoma, filimbi na mayowe yao yalipoufunika mlio wa kinubi ndipo mawe yakampata. Wakawararua ng'ombe wa kulimia, wakaokota majembe yaliyoachwa na wakulima waliokimbia, wakammaliza. Viungo vyake vikatapakaa huku na huko. Kichwa na kinubi vikachukuliwa na mto Hebrus hadi kisiwa cha Lesbos, ulimi bado ukinong'ona. Wasimuliaji wengine wanasema Mamuza, miungu wa kike wa sanaa, waliviokota viungo vile wakavizika mahali paitwapo Leibethra. Angeliwa, wangezika nini?

Tena, hata mraruo wenyewe si wa kila msimulizi. Wachoraji wa vyombo vya udongo wa Athens, karne ya 5 KK, walimwonyesha akichomwa mikuki na kupigwa mawe.

Na wale wanaosema alikufa kwa sababu aligeuka nyuma, jambo alilokatazwa, akitoka kuzimu alikokwenda kumrudisha mkewe aliyekufa: aliyepotea siku ile ni mke huyo, Eurydice. Orpheus alitoka hai, akaendelea kuimba.