Wingi wa wabunge huhesabiwa bungeni, si ikulu ya gavana

Nafundisha sheria ya katiba, na kila tunapofika India wanafunzi kutoka Kenya hushangaa: gavana wa jimbo kule hapigiwi kura na mtu. Huteuliwa na Rais kwa ushauri wa serikali kuu ya New Delhi. Mwenye kuendesha jimbo ni Waziri Kiongozi na mawaziri wake, nao hukaa madarakani mradi wanaungwa mkono na wabunge walio wengi katika Vidhan Sabha, yaani bunge la jimbo.

Serikali hizi za majimbo zina kazi nzito. Polisi, afya ya umma na kilimo viko mikononi mwa majimbo. Ulinzi na mambo ya nje ni vya serikali kuu. Elimu imekuwa ya pande zote mbili tangu marekebisho ya katiba ya 1976.

Kasoro iko kwenye Ibara ya 356. Inamruhusu Rais kuiondoa serikali ya jimbo ikionekana haiwezi kuendeshwa kwa mujibu wa Katiba. Mwaka 1959 ilitumika katika jimbo la Kerala kumng'oa Waziri Kiongozi E.M.S. Namboodiripad, ilhali bado alikuwa na wabunge wa kutosha. Mwaka 1989 ikawa zamu ya jimbo la Karnataka. Gavana aliandika kwamba Waziri Kiongozi S.R. Bommai amepoteza wingi wa wabunge. Bommai akaomba bunge liitwe lipige kura, akanyimwa.

Alikwenda mahakamani. Mwaka 1994 majaji tisa wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba swali la nani ana wabunge wengi hujibiwa ndani ya bunge lenyewe, si kwa maoni ya gavana. Sijui hukumu nyingine iliyoyalinda majimbo ya India kiasi hiki.

Matunda yake yalionekana Karnataka hiyohiyo, Mei 2018. B.S. Yediyurappa, ambaye chama chake kilikuwa na viti 104 kati ya 222 vilivyoshindaniwa, aliapishwa kuwa Waziri Kiongozi na kupewa na gavana siku 15 za kuthibitisha wingi wake. Mahakama iliamuru kura ipigwe siku mbili tu baada ya kiapo. Alijiuzulu kabla kura haijapigwa.

Bado kuna tundu. Muswada wa jimbo hauwi sheria bila idhini ya gavana, na wapo magavana waliokalia miswada kwa miaka. Jimbo la Tamil Nadu lililazimika kwenda Mahakama ya Juu mwaka 2023 kwa sababu hiyo. Mimi ningetaka Katiba yenyewe itaje muda wa mwisho wa kutoa idhini.