Mita janja ni nini, na inajuaje stima imepotelea wapi

Nyumba niliyowahi kupanga Majengo, Mombasa, ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Mita ya tokeni ilikuwa moja, juu ya mlango wa mbele, na pesa za stima tulikuwa tukigawana sawasawa. Ugomvi haukwisha. Mwenye feni moja anamtazama mwenye friji, mwenye friji anamtazama mwenye pasi. Mwenye nyumba, bimkubwa wa miwani aliyeandika kila kitu kwenye daftari la shule, akachoka, akaita fundi, kila chumba kikafungiwa submita yake kwenye ubao mmoja ukumbini.

Mwezi wa kwanza akazisoma zote sita asubuhi moja, kabla hatujatoka. Jumla ya vyumba: yuniti 148. Akatazama tokeni alizonunua na salio lililobaki: yuniti 190 zimetumika.

"Ami," akamwambia fundi, "arubaini na mbili zangu ziko wapi?"

Fundi akatoa taa za ukumbi na za choo, akatoa pampu ya kisima. Bado kama thelathini hazijulikani. Akaufuata waya kwa vidole, ukutani hadi uani, na kule nyuma ya tangi la maji akakuta waya mwembamba umepita chini ya mabati kwenda kwa kinyozi wa nyumba ya pili. Kumbe muda wote huo sisi ndio tuliokuwa tukinyolewa.

Mita janja, ambayo wengine huiita mita mahiri, ni kazi ya yule bimkubwa ikifanywa na mashine, kwa mtaa mzima, kila nusu saa au hata kila robo saa. Kupima stima si jambo jipya; mita yoyote inapima. Hii huandika kiasi kilichotumika pamoja na saa kilipotumika, hupeleka hesabu hiyo yenyewe hadi ofisini, na hupokea maagizo kutoka huko: kata, rudisha, badilisha bei. Njia ya mawasiliano hutofautiana. Baadhi zina kadi ya simu ndani kama simu yako, baadhi hutuma ujumbe juu ya nyaya zile zile za stima hadi kisanduku kilicho kwenye transfoma, na nyingine hupokezana kwa redio, mita hadi mita, mpaka ujumbe ufike.

Wengi hudhani mita ya tokeni ndiyo mita janja, kwa kuwa ina skrini na vitufe. Sivyo. Mita ya tokeni, ile ambayo wenzetu wa Tanzania huiita LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, kwa kawaida haizungumzi na mtu. Tarakimu 20 unazobonyeza ni kama barua iliyofungwa: mita inaifungua, inaona ni yake, inaongeza yuniti, basi. Ushahidi tuliuona wenyewe mwaka 2024. Katika mfumo wa mita hizi duniani kote, tokeni zilikuwa zikipewa muhuri wa wakati kwa kuhesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya kuhesabia ilitosha dakika milioni 16 na ushei tu. Nafasi hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu ya ile kampeni ya kuwataka wateja waingize namba mbili za ziada za tarakimu 20 kabla ya tokeni yenyewe. Ingekuwa mita inayosikia kutoka mbali, kazi hiyo ingefanyika usiku watu wamelala. Haikuwezekana, ikabidi kila mtu apande kiti abonyeze.

Kwa mwenye kampuni, mita ya namna hiyo ina faida kubwa moja, kwamba pesa huja kwanza na stima baadaye, kwa hiyo hakuna madeni. Lakini inamwachia giza. Anajua ulichonunua, hajui ulichotumia. Mteja asiyenunua tokeni miezi minne huenda kasafiri, huenda nyumba imehamwa, au huenda yuko ndani anapiga pasi kwa waya uliopita kando ya mita. Kwenye kompyuta wote watatu wanafanana.

Sasa tuje kwenye upotevu wenyewe, maana ndiyo sababu ya gharama yote hii. Kenya Power hununua stima kutoka kwa wazalishaji, KenGen akiwa mkubwa wao, kisha huiuza. Katika miaka ya karibuni, kwa kila yuniti 100 zilizonunuliwa, zaidi ya 20 hazikumfikia mteja yeyote kwenye vitabu. Baadhi ya hizo huenda zilitoka hapa hapa Mombasa, kwenye mitambo ya stima ya Kipevu, zikachomewa mafuta mazito, zikalipiwa, zikatoweka.

Sehemu yake ni joto tu. Waya una ukinzani, na mkondo ukipita waya hupata moto. Tena joto hilo halipandi sawa na mzigo: mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Ndiyo maana saa mbili usiku ya mwezi wa pili, feni zote za Kisauni zikizunguka, laini nyembamba ndefu hupoteza stima nyingi kuliko asubuhi. Viungo vilivyoliwa na chumvi ya bahari huongeza. Upotevu wa aina hii hauna mwizi, na mita haiutibu. Dawa yake ni waya mnene, transfoma iliyo karibu na viungo vizima.

Sehemu nyingine ndiyo ya kinyozi: waya uliorushiwa juu ya laini, mita iliyorukwa, mita iliyokufa ikaachwa ukutani, akaunti isiyoingizwa kwenye mfumo, msomaji mita aliyekisia bila kufika. Aina hizi mbili hazikai mbali. Waya wa wizi unaning'inia kwenye laini iliyopimwa kwa nyumba thelathini, sasa inabeba hamsini, na ile hesabu ya mara nne inaanza kufanya kazi. Mwisho transfoma inaungua, mtaa mzima unakaa gizani, walipaji na wasiolipa.

Kutenganisha aina hizi mbili kunahitaji ujumlishe kama bimkubwa alivyojumlisha, na hapo ndipo mita za zamani zilipokwama. Yeye alisoma submita sita kwa dakika tano. Msomaji mita wa mtaa alisoma nyumba moja tarehe 3 na nyingine tarehe 19, na kwenye transfoma aghalabu hakukuwa na mita kabisa. Utajumlisha nini hapo? Fungia transfoma mita yake, zifungie nyumba zote chini yake mita zinazosomwa dakika ile ile, na hesabu inakuwa ya darasa la nne: zilizoingia toa zilizofika. Toa joto la waya, ambalo mhandisi analikadiria. Kinachobaki kina mahali na kina saa. Pengo lililo sawa mchana na usiku halifanani na pengo linaloanza saa nne usiku na kuisha alfajiri. La pili linanuka karakana ya kuchomelea au mashine ya barafu.

Mita yenyewe nayo ina masikio. Ikifunguliwa kifuniko hupeleka habari. Ikiwekewa sumaku hupeleka habari. Nyingi hupima waya wa moto na waya wa nyutro kwa pamoja, kwa kuwa kilichoingia kwa mmoja sharti kirudi kwa mwingine. Vikitofautiana, kuna njia ya tatu mahali. Hata hivyo aliyejiunganisha moja kwa moja kwenye laini, kabla ya mita yoyote, haonekani na mita ya nyumba. Anaonekana kwenye transfoma tu, tena kama upungufu, bila jina.

Kwa hiyo mtu lazima ashuke aende akatazame. Hili hupotea katika matangazo. Italia, kampuni ya stima ya Enel ilianza kufunga mita janja mwaka 2001 na ikafungia wateja kama milioni 30 katika miaka michache, lakini ilikuta mitaa yenye anwani na laini nzima. India ilipanga kufunga mita za aina hii milioni 250 kwa mpango ulioanza 2021, na kazi imekuwa nzito kuliko makaratasi. Uganda ndiyo mfano ninaoupenda, kwa kuwa iko jirani. Umeme, kampuni iliyosambaza stima kule hadi Machi 2025, ilikuta upotevu wa karibu asilimia 38 mwaka 2005 na kuushusha chini ya 20 katika mwongo uliofuata. Mita za kulipia kabla zilisaidia, na kando yake zilibadilishwa nyaya kwa zile zilizofunikwa zisizorushiwa kitu, na ukafanywa ukaguzi wa mlango kwa mlango.

Je, hasara hiyo hulipwa na nani? Bei ya stima Kenya hupangwa na EPRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti kawi na petroli, na ndani ya bei hiyo kuna kiwango cha upotevu kinachokubaliwa. Hicho unakilipa wewe kila ukinunua tokeni. Kinachozidi kiwango humwangukia msambazaji, naye hupungukiwa na pesa za transfoma na waya, ambazo ndizo zingepunguza upotevu. Ni mduara mbaya, na mita janja pia ni ghali. Kuifungia chumba kinachotumia yuniti 15 kwa mwezi huchukua miaka mingi kurudisha pesa. Ndiyo maana penye akili huanzwa viwandani, mahotelini na kwenye transfoma, kisha majumbani.

Kuna swali pia la faragha, kwa kuwa anayesoma matumizi yako kila nusu saa anajua unaamka saa ngapi na lini umesafiri. Nadhani tutalizungumza zaidi mita hizi zikishazoeleka.

Nimalize habari ya kinyozi. Bimkubwa alipomwendea, hakumkuta na la kujitetea ila daftari lake mwenyewe. Kinyozi alikuwa akilipa shilingi mia tatu kila mwezi, bila kukosa, kwa mpangaji wa chumba cha nne, aliyemvutia waya. Mitaa mingi ya stima ya kuvuta iko hivyo: watu wanalipa, ila si kwa mwenye stima. Bimkubwa akamwita tena fundi, akamfungia kinyozi submita ya saba, na wa chumba cha nne akapewa mwezi mmoja atafute nyumba.