Mkesha wa Taita ni ndege gani?

Mkesha wa Taita ni ndege wa misitu ya juu ya Vilima vya Taita, na hapatikani penginepo duniani. Kisayansi anaitwa Turdus helleri. Kichwa na kifua chake ni cheusi, tumbo jeupe, ubavuni ana rangi ya kutu, na mdomo ni wa rangi ya chungwa.

Sisi wa Nairobi tunaishi na jamaa yake. Yule ndege wa hudhurungi mwenye mdomo wa chungwa, anayerukaruka kwenye nyasi za bustani mvua ikishanyesha, ni mkesha pia. Kuna wakati wataalamu waliwahesabu wote wawili kuwa spishi moja. Lakini huyu wetu ameuzoea mji, na wa Taita hataki hata ukingo wa msitu.

Sababu iko chini, ardhini. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda vilima hivyo juu ya nyika kavu ya Tsavo, hupoa, na kugeuka ukungu. Chini ya miti iliyofungamana, majani yaliyoanguka hukaa mabichi na kuoza polepole, yakijaa wadudu na minyoo. Mkesha hupekua humo kivulini, na kuokota matunda yaliyodondoka. Ndiyo maana huitwa ndege wa sakafu ya msitu: miti ikikatwa jua likapenya, majani hukauka na chakula chake hupungua, hata kama miti mingine bado imesimama.

Amebaki katika misitu ya Mbololo, Ngangao na Chawia. Mbololo, msitu mkubwa kuliko yote, haufiki kilomita 3 za mraba, na Chawia haufiki hata 1. Kati yake kuna mashamba, nyumba na miti ya kupandwa, na kwa ndege huyu shamba la mahindi ni kama bahari kwa asiyejua kuogelea.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni la miguu. Watafiti wa Ubelgiji pamoja na wenzao wa Makumbusho ya Taifa, hapa hapa Nairobi, waliwanasa mikesha kwa nyavu, wakawavika pete na kuwapima. Huko Chawia, ambako msitu umeharibiwa zaidi, urefu wa mguu wa kulia na wa kushoto ulitofautiana zaidi kuliko kwa ndege wa Mbololo. Tofauti hiyo ni ya kiasi kidogo sana, jicho haliioni, lakini inaonyesha kwamba kinda alikua kwa shida. Zile pete nazo zilionyesha kwamba ni nadra mno mkesha kuhama kutoka msitu mmoja kwenda mwingine.

Kwa hiyo anayetaka kumsaidia asihesabu miche tu. Mikaratusi iliyopandwa kwa mistari haimpi mkesha sakafu anayoihitaji. Inatakiwa miti ya asili, yenye vichaka chini yake, ipandwe kuunganisha vipande vya msitu, na majani yake yaachwe yaozee pale pale.