Kwa nini ukurutu huhama mwilini kadiri mtu anavyokua?

Chukua nyumba moja ya mawe mtaa wa Langoni, Lamu, yenye watu wanne wanaojikuna, kila mmoja na pahali pake. Mtoto wa miezi mitano anasugua mashavu kwenye bega la mamake. Kakake wa miaka minane haachi kukuna nyuma ya magoti. Mama mwenyewe vidole vimepasuka. Na bibi, aliyeketi dakani, anajipapasa miundi huku akitoa hukumu: "Hini ni damu mbovu, mwanangu."

Damu haina kosa. Hao wote wana ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, na hauambukizi hata wakilala mkeka mmoja. Lakini swali la haki lingekuwa hili: mbona kwa mtoto unakaa shavuni, kwa mama ukakaa mikononi?

Tazama kwanza ukuta wa nyumba yenyewe. Matumbawe yameshikwa kwa chokaa, kisha yakapigwa lipu. Lipu ikibambuka, mvua ya kusi hupenya na chumvi ikaanza kula ndani kwa ndani. Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa vivyo hivyo: seli bapa zilizokufa ndizo mawe, na mafuta yaliyo kati yake ndiyo chokaa. Mwenye ukurutu chokaa yake ni haba. Maji ya mwilini yanatoroka, ngozi inakauka. Vumbi, sabuni na bakteria wanapata upenyo. Kinga ya mwili hutoka kupigana na vitu ambavyo kwa jirani visingevuka mlango, na vita hivyo ndivyo vinavyowasha na kuvimbisha.

Udhaifu huo mara nyingi hurithiwa, ndiyo maana katika ukoo mmoja utakuta pumu ya kifua, mafua ya mzio na ukurutu vikitembea pamoja. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, walionyesha kwamba hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini inayosaidia kuujenga ukuta huo, humweka mtu katika hatari kubwa ya kupata ukurutu. Kwa watu wa asili ya Kiafrika hitilafu hizo huonekana mara chache zaidi. Kwetu chokaa hupungua kwa njia nyingine.

Basi ukuta ni dhaifu kote, ila hubomoka pale unapopigwa, na umri ndio huamua unapigwa wapi. Mtoto mchanga hupigwa usoni: udenda, maziwa, kusuguliwa na nguo. Akianza kutambaa, hodi hupigwa magotini na viwikoni kwa nje. Sehemu ya nepi kwa kawaida husalimika, kwa sababu unyevu haukauki na vidole havifiki. Miaka ikisogea, maradhi huingia mikunjoni: ndani ya kiwiko, nyuma ya goti, shingoni, kwenye vifundo vya mikono. Huko jasho hutuama. Mtoto anayecheza mpira ufukweni wakati wa kaskazi anarudi na jasho, chumvi na mchanga kwenye mikunjo hiyo, naye sasa ana kucha na nguvu za kuzitumia. Ngozi inayokunwa kila siku huwa nene na ngumu, nayo huwasha zaidi.

Vitabu vingi husema utafute wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo huweza kuonekana kama zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea, na pengine ni vipele vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ukipoa huacha mabaka meusi au meupe kwa miezi, na hapo ndipo watu huanza kununua dawa za choa. Choa kwa kawaida ni duara lenye ukingo ulioinuka, na katikati pamepoa. Upele nao, ule wa kuambukizana, huwasha zaidi usiku, hupenda katikati ya vidole, na huenea nyumba nzima. Krimu ile ya mchanganyiko wa kila kitu inayouzwa bila kuuliza swali mimi siipendi kabisa: ndani ina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe; hutuliza leo, na ikipakwa usoni kwa miezi hukondesha ngozi.

Steroidi yenyewe si adui. Krimu ya haidrokotisoni, ambayo ni steroidi, ilianza kusaidia wagonjwa wa ngozi mwaka 1952, na krimu za aina hii bado ndizo nguzo ya matibabu. Tatizo ni nguvu, mahali na muda. Kipimo ni rahisi: krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye mkunjo wake wa kwanza, kama nusu gramu, hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kila siku, ugonjwa uwepo usiwepo, pigeni lipu: oga kwa muda mfupi na maji ya uvuguvugu, kisha mafuta ya mgando yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Na yapakwe kwa ukarimu. Mtoto aweza kumaliza gramu 250 kwa wiki. Msimnyime samaki wala mayai kwa kukisia tu. Chakula huchochea kwa watoto wachache, hasa wadogo wenye ukurutu mkali. Lakini yakitoka maji ya manjano na magamba ya rangi ya asali, bakteria wameshaingia, na hapo ni hospitali.

Watoto wengi hupoa kabla ya ujana. Kwa wengine unarudi ukubwani mikononi, kwa sabuni, maji ya kufulia na kusafisha samaki. Kisha kuna piko, rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini. Hina ya majani peke yake ni nadra kudhuru, lakini piko jeusi la bibi harusi mara nyingi lina PPD, kemikali ya rangi ya nywele, ambayo yaweza kuinua malengelenge kwa ramani ya ua lile lile lililochorwa. Mwili ukishaikataa, huikataa maisha yote, hata kwenye rangi ya nywele.

Ukurutu wa yule bibi wa dakani ni wa ukoo mwingine kidogo. Ngozi ya uzeeni hutoa mafuta machache, na miundi, iliyokuwa na mafuta machache tangu zamani, hupasuka kama udongo wa kiangazi. Mafuta yale yale ya mgando na kuacha maji ya moto humtosha. Ila tazameni vifundo vyake vya miguu: vikiwa vimevimba na ngozi imeingia rangi ya kutu, kasoro iko kwenye mishipa inayorudisha damu, na yeye ndiye wa kwanza kupelekwa kwa daktari, hata akisema ni uzee tu.