Ramani ya Mtiririko Si Picha: Kwa Nini Kazi Yako Imerudishwa

Tangu tutangaze kwamba kazi zote za moto, moshi na vumbi zipitie ukaguzi kabla ya kuingizwa kwenye mchezo wa kompyuta, malalamiko yamekuwa mengi. Tunaamini hakuna anayekosea kwa makusudi. Lakini karibu makosa yote tunayokutana nayo yana mzizi mmoja: msanii ameichukulia ramani ya mtiririko (flow map, faili linaloiambia kompyuta kila sehemu ya moto au moshi isogee upande gani) kama picha ya kutazamwa. Si picha. Ni namba. Nyekundu inabeba mwendo wa kulia na kushoto, kijani mwendo wa juu na chini.

Juzi tulipokea moshi ambao pembeni, palipotakiwa kutulia, ulikuwa ukiteleza wote upande mmoja. Mwenyewe alisisitiza kwamba alipaka 128, namba ya katikati inayomaanisha hakuna mwendo, kila mahali, na kweli alipaka. Ila faili aliliacha lisomwe kama rangi za sRGB, mfumo wa rangi za picha za kawaida za skrini. Kadi ya michoro ikaigeuza 128, ambayo ni kama 0.5, ikawa 0.22. Sheda, programu ndogo inayokokotoa kila nukta ya skrini, ikazidisha kwa 2, ikatoa 1, ikapata -0.57 badala ya sifuri. Zaidi ya nusu ya kasi yote, mahali pasipo na mwendo! Zima sRGB. Tumelisema hili mara nyingi mno.

Hata ukiizima, kati ya 0 na 255 katikati ni 127.5, kwa hiyo 128 huacha mabaki ya 0.004. Moshi wa sekunde 2 hauathiriki. Chembe zinazosukumwa na ramani dakika nzima zitahama. Toa 128/255 kwanza, ndipo uzidishe.

Wanaolalamika kwamba moto "unashtuka" kila baada ya muda wanatumia awamu moja, yaani nakala moja ya picha inayosukumwa na ramani kisha kuanza upya. Tumia mbili zilizopishana nusu mzunguko, kila moja ififie kabisa inapoanza upya. Alex Vlachos wa kampuni ya michezo ya Valve alilieleza hili kwenye kongamano la michoro ya kompyuta la SIGGRAPH mwaka 2010, kwa maji ya mchezo wa Portal 2.

Sasa utaratibu. Leta faili asili lisilobanwa, pamoja na lile lililobanwa kwa BC5, aina ya ubanaji inayotunza nyekundu na kijani tu. BC1 haipokelewi: hutunza nyekundu kwa biti 5 na kijani kwa biti 6, na mtiririko laini hugeuka ngazi. Andika kwenye fomu kama kijani chako kinapanda au kinashuka, maana kati ya mifumo ya kuchorea, OpenGL huanza kuhesabu chini ya picha na Direct3D juu. Usipoandika, tunarudisha bila kufungua. Kazi ikirudishwa mara ya pili kwa kosa lile lile, inakwenda mwisho wa foleni. Mara ya tatu, msanii anakaa na mkaguzi mpaka irekebishwe, na hadi hapo hapokelewi kwa kazi nyingine.

Rufaa tunazipokea, ila ziambatane na faili lenyewe. Picha ya skrini haituonyeshi namba.